Taa za Krismasi Mwezi wa Nne

Lubbock, Texas
Tarehe 4 Mei

Dada yangu mpendwa Wynelle,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, lile goti limekuonea huruma kidogo, na wale wanaokupikia hapo kwenye nyumba ya wazee Clovis hatimaye wamejifunza kutia chumvi kwenye maharage. Sisi huku hatujambo. Upepo umevuma wiki nzima, mchanga umeingia mpaka kwenye kopo la sukari, na kahawa yangu ya asubuhi naitafuna kabla ya kuimeza. Wifi yako Oleta anakusalimu sana. Zile nyuzi za zambarau ulizomtumia ameshaanza kuzifuma, ila hataki kusema anafuma nini, na ukimtazama anaificha kazi chini ya mto.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua mwenyewe: kila nikipiga unalalamika kwamba hunisikii kwa ajili ya mashine ya oksijeni ya Oleta inayonguruma nyuma yangu, na unaniambia, "Verlon, hebu zima hicho kidude tuongee." Ya pili ni kwamba jambo lenyewe ni refu na limenivuruga kichwa, nikilisema kwa mdomo nitaanzia mkiani.

Najua Tonya ameshakupigia. Tonya ni binti yangu wa kumzaa, nampenda, lakini habari haijawahi kukaa mdomoni mwake kwa muda unaozidi ule wa kutafuta namba ya simu. Bila shaka amekuambia, "Shangazi, Baba akili zimeanza kumtoka, anawasha taa za Krismasi mwezi wa nne, tena mchana kweupe." Basi dada, sikatai. Taa niliziwasha. Lakini sijawa mwehu, na nataka usikie kwangu mwenyewe kabla hujaanza kuniombea kanisani kwa jina.

Chanzo cha yote ni umeme. Wewe huko New Mexico umeme unaletewa kama mvua, hakuna anayekuuliza unataka upi. Na sisi tuliishi hivyo hivyo miaka yote. Umeme ulikuwa wa mji, bili ilikuwa ya mji, na ukiwa na ugomvi nayo ulikwenda kugombana na mtu unayemjua jina na kanisa lake. Halafu mwaka juzi tukaambiwa sasa tuko huru, kila mwenye nyumba achague kampuni anayoitaka. Makaratasi yakaanza kumiminika kwenye sanduku la barua: hii bei nafuu, hii ya upepo, hii ya jua, hii ukijiunga unapewa zawadi. Oleta akaniuliza kama kila kampuni itakuja na waya wake, maana nguzo ya uani imeshainama tayari. Nikamwambia hapana, waya ni ule ule, nguzo ni ile ile, mita ni ile ile. Akanitazama, akauliza, "Sasa umeme wenyewe utajuaje kama ni wa kampuni hii na si wa ile?"

Swali hilo nikatoka nalo. Nilimuuliza Hoyt Ledbetter, yule niliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka tukastaafu, tunakunywa naye kahawa mgahawani kila siku asubuhi. Hoyt akasema umeme ni kama bwawa: makampuni yanamimina ndoo zao upande ule, sisi tunachota upande huu. Nikamuuliza nitajuaje kama ninachota ndoo ya kampuni niliyoilipa. Akanijibu, "Verlon, kunywa kahawa yako bwana, usitusumbue."

Pale mezani kwetu kuna wazee wanne watano, na kila asubuhi tunatupa dadu, atakayeshindwa anawalipia wenzake. Zamani tulikuwa tunazungumza mvua na bei ya pamba. Sasa ni umeme mtupu. Hoyt mwenyewe alijichukulia mpango wa usiku bure. Kuanzia saa tatu ya usiku umeme hauhesabiwi, lakini mchana bei yake inauma kama nge. Mkewe anafua usiku, anapiga pasi usiku, anapika maharage usiku, na Hoyt anakuja kwenye kahawa macho mekundu kama amekesha kwenye msiba. Tukimcheka anasema tunamwonea wivu. Mzee mwingine alichukua wa mwisho wa wiki bure, basi siku za katikati nyumba nzima inavaa nguo chafu.

Mimi sikuchagua chochote. Ukweli ni kwamba niliogopa. Na asiyechagua anachaguliwa, tukatupwa kwenye kampuni ambayo jina lake hata kulitamka siwezi, na bili zikaanza kupanda. Mapafu ya Oleta nayo ndiyo yakachoka wakati huo huo, wakatuletea ile mashine, ya kukaa imewashwa usiku na mchana. Ni kasha kubwa kama kabati la kando ya kitanda, lina magurudumu, linavuta na kutema, na mrija mrefu wa kumfuata Oleta mpaka jikoni. Siku za mwanzo nilikuwa silali. Siku ya sikukuu ya shukrani, mwezi wa kumi na moja, Tonya na watu wake wamekuja kutoka Fort Worth, bata mzinga yuko mezani, nikaipiga ile mashine kofi mgongoni nikawaambia, "Huyu ndiye mke mwenza wa Oleta. Tunalala naye chumba kimoja, anakoroma kuliko mimi, na anakula umeme kuliko ukoo mzima." Watu wakacheka mpaka wajukuu. Oleta naye akacheka. Nakuomba uliweke hilo akilini, dada, nitalirudia.

Siku hiyo hiyo Tonya akaiona bili imebandikwa kwenye friji. Hakusema kitu mpaka wageni walipokwenda sebuleni, ndipo akatukalisha jikoni. Akasema pensheni yetu anaijua na bili hii ameiona, na hesabu haziingiliani. Akasema nyumba ni kubwa mno kwa watu wawili, tuiuze, twende kwake, kuna chumba kizuri nyuma chenye bafu lake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama majira ya joto yakiingia na bili ziko vile vile, basi itabidi tuzungumze kama watu wazima. Nami ningekuwa na umri gani ndipo niwe mtu mzima, sijui. Unajua nyumba hii ni nini kwa Oleta. Aliijenga baba yake kwa pesa ya pamba, na Oleta alizaliwa kwenye chumba cha mbele siku ya dhoruba ya vumbi, mkunga akiwa amefunika beseni kwa shuka. Wakati Tonya anasema, Oleta alikuwa amegeukia sinki anaosha sahani, na hakugeuka. Aliosha sahani moja muda mrefu sana.

Nikamwambia Tonya asiwe na wasiwasi, mpango mzuri wa umeme nitauchagua mimi mwenyewe, mimi si mtoto.

Basi nikaenda maktaba. Yule dada wa maktaba akanifungulia kompyuta, ikatokea orodha ya mipango isiyo na mwisho, nikamwomba aipange kuanzia iliyo rahisi kabisa. Wa juu kabisa bei yake ilikuwa nusu ya ile tuliyokuwa tunalipa. Nikauchagua hapo hapo kabla Hoyt hajausikia. Pembeni ya bei paliandikwa kwamba ni kwa matumizi ya yuniti elfu moja, na chini yake pakawa na maandishi madogo kama chawa, sikuyasoma. Rahisi huvunja upishi, mama alikuwa akisema, lakini siku hiyo mama sikumkumbuka.

Mwezi wa kwanza bili ikaja ndogo mpaka nikadhani wamekosea nyumba. Wa pili hivyo hivyo. Ilikuwa baridi, hita zinawaka, na bado bili ndogo. Nilimpigia Tonya nikamsomea, akasema, "Hongera, Baba, umenishinda." Kwenye kahawa nilikuwa sishikiki. Nilimwambia Hoyt watu wenye akili wanalala usiku.

Halafu baridi ikapungua, tukazima hita. Tukatumia umeme kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Na bili, dada, ikaja kubwa zaidi. Nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa. Nikapiga simu kwenye kampuni, nikasikilizishwa muziki mpaka sikio likapata joto, akaja mwanamke mmoja mwenye adabu nyingi. Akanieleza kwamba mpango wangu una punguzo la dola mia. Ukifika yuniti elfu moja unapewa. Usipofika hupewi. Mimi nilikuwa nimepungukiwa na kama yuniti thelathini hivi.

Nikamuuliza kama nimemwelewa. Yaani ningepoteza umeme kidogo zaidi, bure, ningelipa pungufu? Akasema ndiyo, mzee. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Akasema ndiyo, mzee. Wynelle, unakumbuka baba alivyokuwa akitufuata chumba hadi chumba anazima taa, akituuliza kama tunamfanyia sherehe mwenye mitambo ya umeme? Mimi ni mtoto wa mtu yule. Nilikaa na simu mkononi baada ya yule mama kukata, nikahisi kama nimeambiwa kwamba kuanzia leo wanaosali wanakwenda motoni. Kuvunja mkataba kuna faini, na faini yenyewe ningemwambiaje Tonya baada ya ile hongera? Na Oleta je, aliyekuwa ameanza kuimba tena jikoni? Nikasema nitalishika hili peke yangu, kwani kazi yangu maisha yote ilikuwa mashine na mageji.

Mwezi uliofuata nikawa naisoma mita kila siku. Nikapiga hesabu zangu: friji inakula hiki, mashine ya Oleta inakula hiki, taa hiki. Nikajua nitapungukiwa na kiasi gani, na siku za mwisho nikaanza kukifidia. Niliwasha oveni nikaoka mkate wa mahindi, na mwingine, na mwingine. Jirani yetu Darla Kitchens alipelekewa mpaka akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amefariki. Taa za barazani nikaziacha ziwake mchana. Nikajihakikishia kwamba tumepita elfu kwa raha kabisa. Bili ikaja: hatukufika. Tumepungukiwa tena, kidogo tu, na dola mia zimekwenda.

Hapo ndipo akili ilianza kunichezea kweli. Hesabu zangu zilikuwa sawa, nilizirudia kwa kalamu na kwa vidole. Kitu kilikuwa kinapunguza umeme ndani ya nyumba yangu na sikijui. Umeshasikia mtu analalamika kwamba umeme wake hauibiwi? Nikafikiri mita imechoka. Nikafikiri kampuni wanairudisha nyuma kwa mbali ili wasinipe mia zangu. Nikamuuliza Hoyt kama hilo linawezekana, akawaambia wazee wote mezani, "Jamani, Verlon ameibiwa, mwizi kamwachia umeme." Wakacheka wiki nzima.

Mwezi wa nne nikaamua liwalo na liwe. Nikapanda darini nikashusha taa za Krismasi, zile kubwa za zamani zinazochoma kidole, nikazizungusha kwenye paa la baraza, kwenye nguzo, kwenye kichaka cha waridi, nikaziwasha asubuhi zikawaka mpaka kulala. Oleta akatoka mlangoni na mrija wake puani. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia najaribu balbu. Akaziangalia taa, akaniangalia mimi juu ya ngazi, akarudi ndani. Nilifikiri ameniamini.

Hakuniamini, wala Darla hakuniamini, na Darla anayo namba ya Tonya. Ijumaa ile nilirudi nikakuta gari la Fort Worth uani. Tonya akanikumbatia muda mrefu mno, nikajua nimekwisha. Chakula cha usiku kilikuwa mtihani. Leo tarehe ngapi, Baba? Jina la kati la mjukuu wako wa pili? Nikamjibu kwamba hata alipozaliwa sikulipenda, ndiyo maana sikulishika. Akaangaliana na mama yake. Akasema Jumatatu ana miadi yangu kwa daktari, na baada ya hapo tutakaa tuzungumze habari ya nyumba, hakuna kusubiri majira ya joto. Nilitaka kumwambia yote. Lakini nilimwona Oleta anavyokunja kitambaa cha mezani, anakunja na kukunjua, nikashindwa. Ningesema nini? Kwamba nimechagua mpango unaotuadhibu kwa kuwa waangalifu, na mimi nikatia saini?

Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ambayo huwa niko kwenye dadu, Tonya akanipeleka. Daktari ni binti mdogo aitwaye Iyer, ana sauti ya upole. Akaniambia maneno matano niyashike, nikayashika. Akaniambia nichore uso wa saa, na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Nilichora mpaka na jina la mtengenezaji. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ile ya kuzungumza na paka aliye juu ya mti, kwa nini nawasha taa za Krismasi mwezi wa nne. Tonya yuko pembeni ameshika mkoba. Nikaona basi, nitaumbuka mara moja. Nikaeleza yote: elfu moja, punguzo, thelathini zilizopungua, mkate wa mahindi, taa.

Yule daktari akaacha kuandika. Akasema mpango anaoutumia yeye ni kama huo huo, na tangu baridi iishe alikuwa haelewi bili yake. Akanigeuzia karatasi aliyokuwa ananipimia wazimu, akaniomba nimwandikie hesabu nyuma yake. Nikamwandikia. Tonya akasema polepole, "Kwa hiyo Baba, wewe mzima." Nikamwambia mimi ni mzima, mpango ndio mgonjwa. Akacheka huku anafuta macho, akaomba samahani, akanishika mkono mpaka kwenye gari lake. Dada, nilijiona kijana. Nilimwambia turudi moja kwa moja tukamwambie mama yako, kahawa ya leo naisamehe.

Hapa ndipo barua yenyewe ilipo, mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapa.

Tuliingia kwa mlango wa jikoni. Tonya alikuwa anasema kitu, nikamzuia kwa mkono. Nilikuwa nasikia saa ya ukutani. Ile ya mama, uliyonipa wewe. Iko pale juu ya jiko miaka yote, na tangu mashine ije sikuwahi kuisikia hata mara moja. Sasa ilikuwa inagonga, tik, tik, nyumba nzima kimya. Nilisimama kama mjinga, najiuliza kwa nini naisikia saa.

Oleta alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mrija ameukunja vizuri mapajani, anahema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, mdomo wazi, midomo imegeuka buluu. Mikono ameikalisha tuli juu ya zile nyuzi zako. Alikuwa hafumi. Alikuwa amekaa tu, bila kujitikisa, ili pumzi itoshe. Alipotuona hakushtuka sana. Alisema, kwa vipande vipande, "Mmerudi mapema."

Tonya alirukia swichi. Mashine ikanguruma, mimi nikamvalisha mrija kwa pupa mpaka nikamchoma pua. Tukakaa miguuni pake wote wawili mpaka rangi ikarudi. Ndipo akasema. Alikuwa anaizima kila siku nikitoka kwenda kwenye kahawa, na kuiwasha anapolisikia gari langu kwenye kona. Alianza tangu ile bili iliyopanda baada ya sisi kuzima hita. Alisema aliiona mezani, akamkumbuka Tonya na chumba cha nyuma, akatazama ndani ya nyumba kitu gani kinachokula, akaona ni yeye. Alipoona nimeanza kuoka usiku na mchana na kuwasha taa juani, akajua akili zangu zinakwenda na pesa zinakwenda nazo, basi akaongeza muda wa kuizima ili angalau kifidiwe kile ninachokichoma. Hakutaka kumwambia Tonya, maana alijua Tonya akisikia nimeharibikiwa tutafungashwa siku hiyo hiyo.

Unaona, Wynelle? Mimi nawasha ili tufike elfu. Yeye anazima ili tusifike. Kila nilichokioka, yeye alikirudisha kwa pumzi zake. Ule umeme niliokuwa nautafuta kwenye mita kama mwehu, uliokuwa unapungua sijui unakwenda wapi, ulikuwa ni wake.

Nilimweleza habari ya elfu moja. Ilibidi nieleze mara mbili, kama nilivyoelezwa mimi. Akaanza kucheka, dada, yule wifi yako akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Miaka hamsini na mbili ya ndoa, na kumbe tulikuwa tunavutana kamba moja." Tonya alikuwa analia. Mimi nilimgombeza. Nilikuwa na hasira, hasira ya woga. Nilimuuliza nani alimtia kichwani kwamba yeye ndiye anayekula nyumba hii. Akanitazama bila ubaya wowote, akasema, "Wewe mwenyewe ulisema. Mbele ya watu. Mke mwenza."

Ningesema ulikuwa mzaha, kwamba wote walicheka, hata yeye alicheka. Lakini mtu aliyecheka alilibeba lile neno akaenda nalo jikoni, akakaa nalo miezi, na kila asubuhi nilipovaa kofia yangu alisimama akatii. Naona aibu, Wynelle. Nilitaka uisikie aibu hiyo kwangu, si kwa Tonya.

Nikasema basi, nyumba iuzwe. Nilisema kwa moyo wangu wote, nilikuwa tayari kwenda kuweka bango barabarani jioni ile ile. Tulale chumba cha nyuma, tulale hata gereji, mradi ile mashine isizimwe tena. Oleta akasubiri nimalize. Akasema, "Verlon Stegall, sikubana pumzi yangu ili nikalale Fort Worth." Tonya akacheka katikati ya machozi, na Fort Worth hajaitaja tena tangu saa ile. Alikaa na simu yake mezani jioni nzima, akanitafutia mpango ambao hata Hoyt angeuelewa: bei moja, usiku na mchana, kidogo na kingi, hauna zawadi wala hauna adhabu. Mchagua nazi hupata koroma, nami koroma yangu nimeshaila, faini nimelipa. Bili mpya itakuwa kubwa kidogo kuliko zile mbili nilizojivunia. Sijali. Tonya amesema tofauti ataitoa yeye, na safari hii sikujitutumua. Alipokuwa anaondoka alimbusu mama yake, halafu akaibusu na mashine.

Kwenye kahawa bado nakwenda, maana Oleta amenikataza kushinda nyumbani nikimlinda. Hoyt nimemweleza yote na hakutania. Alilipa kahawa ya wote siku ile bila kutupa dadu. Lakini nikirudi nyumbani nazima gari uani, nashusha kioo, nakaa kwanza. Nikiusikia ule mngurumo wa mashine kupitia ukutani ndipo naingia. Kuna siku nakaa muda mrefu hata baada ya kuusikia. Sijui kwa nini, nakaa tu nausikiliza.

Taa za Krismasi bado ziko juu, zimezimwa, kichaka cha waridi kimechipua kupitia kwenye waya na nasita kuzing'oa. Nisalimie wote hapo, msalimie na yule bwana wa chumba cha pili anayekuibia magazeti. Tunza goti. Oleta anasema ile kazi ya nyuzi itakuwa tayari kabla ya baridi, na anacheka peke yake anaposema, kwa hiyo jiandae kwa lolote.

Na Wynelle, ukipokea barua hii nipigie. Utasikia kitu kinanguruma nyuma yangu. Tafadhali, dada yangu, usiniambie nikizime. Paza sauti tu, nitakusikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Verlon